Nyumba Imejaa

Jambo la kwanza nililoligundua lilikuwa dogo sana: wanawake wa kwetu, wakiulizwa habari za nyumba zao, hutazama juu.

Nilikuwa mtoto, nimeshika pindo la kanga ya mama kisimani. Mwanamke mmoja alimwuliza, "Nyumba?" Mama akajibu, "Imejaa." Lakini kabla ya kujibu aliinua macho haraka, kama mtu aliyesikia panya darini, kisha akayashusha. Nikamwangalia yule aliyeuliza. Naye alipoulizwa alifanya vivyo hivyo. Na wa tatu pia. Kisimani hapakuwa na paa. Juu yetu kulikuwa na mbingu tu, nyeupe kama sahani iliyooshwa. Nikajiuliza wanatazama nini.

Mji wetu hauna jina, au unalo ila hakuna aliyewahi kulihitaji, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka akaulizwa anatoka wapi. Siku zake hazikai kwenye mstari. Kuna asubuhi ninazozikumbuka ambazo bado hazijafika, na kuna alasiri moja ambayo imekuwa ikinirudia tangu nikiwa na miaka sita. Sitakuomba uhesabu pamoja nami. Shika hili moja: katika mji huu watu wanaamini kwamba paa la nyumba ya mke na mume halishikwi na nguzo. Linashikwa na neno la mke.

Neno lenyewe ni hilo ulilokwisha kulisikia. Bibi harusi hutiwa neno hilo mdomoni pamoja na chumvi, na anayemtia ni dada yake aliyemtangulia kuolewa. Huambiwa: ukiulizwa nyumba, sema imejaa. Ukisema lingine, paa litaanguka, lako kwanza, kisha la aliyekutia chumvi, kisha la mama aliyewazaa nyote wawili. Kwa hiyo hakuna mwanamke anayejibu kwa ajili yake peke yake. Kila anapofungua kinywa anahisi mapaa ya ukoo mzima yamekaa juu ya ulimi.

Wanaume nao wana lao. Wanafundishwa jandoni: usimwulize mkeo mara ya pili, wala usitazame paa lako. Mwanamume anayetazama paa anamwambia mkewe kwamba neno lake halitoshi. Ndiyo maana wanaume wetu hutembea wakitazama chini, hata wanapocheka. Wanawake juu, wanaume chini. Unaweza kulala na mtu mkeka mmoja miaka mingi usijue macho yake yana rangi gani. Mimi sikujua.

Na kwa imani hiyo, hakuna anayekarabati. Nyasi za paa zikioza zinaachwa zioze. Mchwa wakipanda ukutani wanaachwa wapande. Fundi wa mwisho wa kuezeka alikufa zamani na hakumfundisha mtu, kwa sababu kumwita fundi ilikuwa sawa na kutangaza kwamba mkeo ni mwongo. Mvua inapoingia, familia husogeza mikeka. Wanasogeza mpaka wote wanalala kwenye kona moja, wamebanana, na asubuhi mwanamke anakwenda kisimani na kuulizwa, na anajibu, na kwa kweli siku hiyo kona imejaa.

Nimekaa sana na swali hili. Je, sisi ndio tunaoshika imani, au imani ndiyo inayotushika? Mtu anapolala, imani yake hukaa wapi? Mawazo yangu ni kwamba huwa haikai. Hutoka, huzunguka mjini, hukutana na imani za wengine, hupeana habari, na alfajiri kila moja hurudi kwa mwenyewe ikiwa imenenepa. Mtu anaamka na kukuta anaamini zaidi ya alivyoamini jana, na hajui nani kamlisha.

Nilikuwa tayari msichana paa la Bi Havijawa lilipoanguka. Lilianguka mchana, yeye akiwa nje anaanua unga, mumewe akiwa ndani. Mumewe hakutoka. Watu walikusanyika, na hakuna hata mmoja aliyetazama nguzo. Wote walimtazama Bi Havijawa mdomoni.

"Ulisema nini?" wakamwuliza.

"Nilisema imejaa. Leo asubuhi nilisema. Si mlinisikia?"

"Kwa mdomo ulisema. Moyoni ulisema nini?"

Nani anaweza kuonyesha moyo wake kama mtu anavyoonyesha kiganja? Wakampeleka Uwanjani. Uwanjani ni mahali petu pa wanawake ambao mapaa yao yameanguka. Hakuna ukuta, hakuna kivuli. Wanapika kwenye jua na kulala kwenye umande, na haruhusiwi mtu kuwauliza kitu, hata hali zao.

Mimi niliachwa nyuma kuokota vyungu vyake. Shuleni niliishia darasa la nne, na nilichotoka nacho ni kusoma polepole, kwa kidole. Basi nilisoma nguzo zile kwa kidole. Kila moja ilikuwa na mistari ya udongo ya mchwa, imepanda, imepinda, imerudi. Ndani mlikuwa mtupu, unga mtupu, kama muwa uliotafunwa ukabaki ganda. Nilielewa nilichosoma. Nikaokota vyungu nikaenda nyumbani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haya, na sauti yangu ni ndogo hata nikiita kuku, sikumwambia mtu.

Kisha nikaolewa, au labda nilikuwa nimekwisha kuolewa siku ile. Jina langu ni Sikudhani. Mume wangu ni Kondo, msokota kamba, mtu mpole, asiyepiga, asiyekunywa. Nasema haya ili usimtafute mbaya katika habari hii. Siku ya kwanza, wageni walipoondoka, aliketi kwenye ukingo wa kitanda akitazama miguu yake na kuniuliza kwa heshima, "Nyumba?" Ladha ya chumvi ilikuwa bado ipo. Nikatazama juu. Nikasema, "Imejaa." Nilikuwa nimeingia humo kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai. Hapakuwa na kitu cha kujaza hata kikombe.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuniuliza tena.

Miaka saba ilipita, au ilikuwa asubuhi moja ndefu. Kila siku niliamka na kukuta unga wa njano mkekani upande wangu, umeshuka kutoka juu, laini kama poda. Niliufuta kwa kiganja kabla Kondo hajageuka. Nilisema moyoni: akiuona atajua kwamba simpendi vya kutosha. Maana ndivyo tulivyofundishwa, kwamba unga ni upungufu wa mke. Nikajaribu kumpenda zaidi. Nikapika zaidi, nikanyamaza zaidi. Unga haukupungua. Wakati mwingine, nikijitazama kwenye maji ya beseni, nilimwona mama. Wakati mwingine nilimwona msichana nisiyemjua, ambaye bado hajazaliwa, naye anafuta.

Ndipo Chiku, mdogo wangu wa mwisho, akaposwa na Pazi.

Chiku si kama mimi. Yeye anaongea. Kisimani wanawake walipenda kumchokoza ili wamsikie.

"Haya, bibi harusi," alisema Bi Nyamizi, ambaye ndiye Mwulizaji wa mji, mwenye kazi ya kuuliza siku ya harusi. "Mdomo wenyewe mdogo hivyo, chumvi itaenea?"

"Chumvi itaenea, bibi. Wasiwasi wangu ni Pazi, kama ataenea mlangoni na lile tumbo."

Wakacheka hadi ndoo zikamwagika. "Mwone huyu. Ngoja uingie ndani, utanyamaza mwenyewe."

"Dada, kweli mtu hunyamaza?" Chiku akanigeukia.

Wote wakanitazama. Nilitamani kisima kinimeze. "Mimi tangu zamani si msemaji," nikasema.

"Jibu zuri hilo," alisema Bi Nyamizi, na akatazama juu.

Nyumba aliyopewa Chiku ilikuwa ya marehemu shangazi yetu. Siku moja kabla ya harusi nilitumwa kuifagia. Jua lilikuwa limeingia kwa kupitia paa katika sehemu nyingi, na sakafu ilikuwa na madoa ya mwanga kama ngozi ya chui. Katikati ilisimama nguzo kubwa, iliyoshika kila kitu. Mistari ya udongo iliizunguka kutoka chini hadi nisipoweza kufika. Niliisoma. Nilipofika mwisho wa mstari nilibonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, kama unavyobonyeza papai kujua limeiva. Kidole kikaingia chote.

Nilisimama pale na kidole changu ndani ya nguzo. Ndani mlikuwa na joto. Nilisikia mchwa wanavyokula. Si kelele, ni kama watu wengi wanaonong'ona neno lile lile. Nikajua kwamba nyumba ile haina siku nyingi, na kwamba ikianguka Chiku atakuwa chini yake, na kwamba akitoka mzima watamtazama mdomoni.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachambua mchele uani.

"Mama, nguzo ya nyumba ya Chiku ni ganda tupu."

Hakuinua uso. "Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe."

"Mimi sijasikia. Basi halijasemwa. Na kama halijasemwa, halipo."

"Nimeingiza kidole, mama."

"Kanawe hicho kidole."

Nilikaa naye. Akaendelea kutoa vijiwe, kimoja, kingine. Mikono yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyokumbuka, au ilikuwa mikono yangu. Nikamwuliza, jambo ambalo mtoto hamwulizi mama yake, "Mama, nyumba yako wewe?"

Akatazama juu. Tulikuwa chini ya upenu wake. Unga wa njano ukashuka, kidogo tu, ukamwingia jichoni, na jicho likatoa machozi. Hakulifuta. "Imejaa," alisema. "Miaka arobaini imejaa. Baba yako kafa imejaa. Unataka leo, keshokutwa nife, niambiwe nilikuwa nashika hewa?"

Nilimpangusa jicho kwa upindo wa kanga yangu, akaniacha.

Kwa Kondo nilikwenda alasiri. Alikuwa mlangoni anasokota kamba, macho kwenye mapaja yake.

"Kondo."

"Naam, mke wangu."

"Nguzo ya kati ya nyumba ya Chiku imeliwa."

Kamba ikasimama. "Nani kasema?"

"Kidole changu."

Akacheka kidogo, puani. "Kidole hakina ulimi."

"Wewe unajua kukata mti. Ungeenda sasa hivi, watu wako shamba, ukasimamisha nguzo nyingine kando ya ile. Hata kama si nzuri. Ishike tu."

"Nikionekana?"

"Sema unafunga kamba za kitanda."

"Nikionekana, Sikudhani, nitakuwa nimemwita Chiku mwongo kabla hajafungua mdomo. Na Pazi hatakuwa mume tena. Atakuwa mtu aliyeshikiwa paa na shemeji."

Akaanza kusokota tena, kisha akaacha. Aliongea na kamba.

"Na ule unga wa mkekani."

"Unga gani?"

"Wa asubuhi. Upande wangu huwa naufuta kabla hujaamka. Nilidhani labda hujauona. Nilisema, akiuona atajua kwamba mimi si mume wa kutosha."

Miaka saba. Mkeka mmoja, unga mmoja, viganja viwili, kila mtu na upande wake, kila mtu akimficha mwenzake kitu kile kile. Nilitaka kucheka na nikashindwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikuuliza siku ya kwanza. Ulisema imejaa." Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Nilikuamini. Ningekuuliza mara ya pili ningekuwa mume wa namna gani?"

Niliona kidevu chake kikiinuka, upana wa kidole kimoja, viwili, nikadhani leo atatazama, atanitazama mimi au atatazama paa, na lolote kati ya hayo lingetosha. Kisha kidevu kikarudi mahali pake, na kamba ikaendelea kuwa ndefu.

Harusi ilikuwa siku iliyofuata. Hii ndiyo ile alasiri inayonirudia. Nimeiishi nikiwa na miaka sita, nimesimama mlangoni nikimwangalia mama akitiwa chumvi, ingawa mama aliolewa kabla sijazaliwa. Nimeiishi nikiwa mimi ndiye bibi harusi. Na siku hiyo niliiishi nikiwa mtia chumvi, na ndani ya chumba mlikuwa na watu wote, wanawake upande mmoja wakiwa na nguo mpya, wanaume upande wa pili, na Chiku amekaa kwenye mkeka chini ya nguzo ile ile. Mtu alikuwa ameifunga kwa kitambaa chekundu ili ipendeze. Kitambaa kilifunika mahali nilipotoboa.

Nilichukua chumvi kwa vidole vitatu. Chiku alifungua kinywa, na akanikonyeza, kwa kuwa hata hapo alitaka kunichekesha. Nilipoiweka kwenye ulimi wake, niliisikia kwenye ulimi wangu. Uso wake ukawa wangu. Nikaona jinsi nilivyokuwa, mtoto mwenye hina mbichi, anayesubiri kuambiwa maisha yake yana nini.

Desturi ni hii. Mwulizaji huuliza mara tatu. Mara mbili humwuliza bibi harusi. Mara ya tatu humwuliza aliyemtia chumvi, habari za nyumba yake yeye, ili iwe muhuri. Baada ya hapo bibi harusi humeza, na vigelegele hupigwa.

"Chiku binti wa watu wetu," alisema Bi Nyamizi, "nyumba?"

"Imejaa," alisema Chiku. Sauti ilitoka ndogo kuliko kawaida yake. Akatazama juu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kutazama juu. Ilitokea tu. Niliona ilivyotokea, nikajua hapo ndipo mtu anapoondoka kwenye macho yake na kuhamia darini.

"Nyumba?"

"Imejaa."

Na nguzo ikatoa unga. Uzi mwembamba, kutoka juu ya kile kitambaa, ukateremka kwenye mwanga na kutua begani kwa mdogo wangu. Watu wote waliuona. Niliona wanavyouona. Kila mmoja akatazama alikozoea kutazama.

"Na wewe, Sikudhani, uliyemtia," alisema Bi Nyamizi. "Nyumba yako?"

Shingo yangu ilitaka kuinuka yenyewe. Niliishika. Nilimtafuta Kondo kati ya wanaume, nikaona utosi wake. Mama alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akisema polepole, si kwa mtu, "Halipo, mwanangu, halipo."

Nikajibu.

Lakini sauti yangu unaijua. Ilitoka kidogo sana, ikafika kwa Chiku peke yake. Nilimwona akishtuka. Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu akae pale, usoni kabisa. Kisha akainama na kutema chumvi kiganjani mwangu.

Paa halikuanguka. Ndipo nilipoogopa kweli, kwa kuwa nilielewa kwamba miaka ile yote, mimi, mama, Bi Havijawa kwenye umande wake, hatukuwa tumeshika kitu.

Bi Nyamizi alisogea karibu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alinishika kidevu kama unavyomshika mtoto, akakisukuma juu taratibu, kuelekea kule tunakotazama sote. Alikuwa ananipa njia ya kurudi, na kila mtu mle ndani aliiona njia ile na kuniombea niipite.

"Sema tena, mwanangu," aliniambia. "Hatukusikia."

Hapa Uwanjani ninapokaa sasa hakuna paa. Nikitazama juu naona mbingu, na Bi Havijawa ananifundisha namna ya kulala bila kulowa. Hakuna anayeruhusiwa kuniuliza kitu. Kwa hiyo jibu langu nalirudia mwenyewe, kwa sauti ile niliyoipata siku ile mara moja tu, nikiwa nimetoa kidevu changu mikononi mwa Bi Nyamizi, na Kondo, kule upande wa wanaume, amenyanyua uso na kunitazama. Macho yake ni ya kahawia.

"Nyumba yangu ni tupu. Naishi humo peke yangu, na Kondo anaishi humo peke yake, na sijaridhika hata siku moja. Nguzo zimeliwa. Chiku, toka nje."